Mto Ufunguliwe kwa Hesabu, Si kwa Huruma

Mvua za baridi zinapoanza kunyesha katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ubishi wa zamani huamka nazo. Samaki aitwaye stilihedi anaingia mitoni kutoka bahari ya Pasifiki kwenda kutaga. Wavuvi wa ndoano, wale wanaovua kwa starehe na si kwa kuuza, wamekwisha kuandaa fito na mishipi yao. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo nayo inatakiwa itoe neno: mto ufunguliwe au ubaki umefungwa? Ukifunguliwa, kwa siku ngapi, na kwa masharti gani?

Wapo wanaosema samaki wa asili wamebaki wachache mno, kwa hiyo kila mtu akae nyumbani. Wapo wanaojibu kwamba wao hawaui samaki: wanamnasa, wanamtazama, wanamwachia aende zake, na kwamba wauaji halisi ni mabwawa ya umeme, sili na bahari iliyopata joto. Mimi naona wote wawili wameshika kipimo kisichofaa. Wa kwanza anahesabu samaki waliobaki, wa pili anahesabu samaki waliofia mkononi mwake. Kinachopaswa kuhesabiwa ni ndoano: hao wachache waliorudi, kwa jumla yao, wamenaswa mara ngapi? Sheria nzuri ya uvuvi wa starehe ni ile inayoipunguza idadi hiyo kabla msimu haujaanza, na inayomlipa mtu wa kusimama ukingoni kuithibitisha.

Stilihedi si mgeni kabisa kwetu. Kisayansi ni Oncorhynchus mykiss, yaani yuleyule trauti mwenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni, ambaye walowezi wa Kiingereza walimleta kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye mpaka leo vifaranga vyake vinazalishwa Kiganjo, Nyeri. Kinachowatofautisha ni safari. Trauti wa Nyeri huzaliwa, hukua na kufa katika maji ya mlimani. Stilihedi huzaliwa mtoni, huishi humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha mwili wake hujibadilisha uweze kustahimili chumvi, ngozi ikawa nyeupe kama fedha, akashuka baharini. Huko hunenepa miaka miwili au mitatu, halafu hurudi kwenye mto uleule aliozaliwa akiwa na kilo nne, tano, mara nyingine hata kumi. Tena, tofauti na samoni wengi wa Pasifiki ambao hutaga mara moja wakafa, huyu anaweza kutaga, akarudi baharini, akaja tena. Wanaofika mara ya pili ni wachache, na wengi wao ni majike ambao, kwa kuwa wamekua, hubeba mayai mengi zaidi.

Kwa hiyo anayesema samaki huyu hawezi kwisha duniani anasema nusu ya kweli. Iran, Uturuki na Chile zinamfuga kwa maelfu na maelfu ya tani. Kinachokwisha ni uwezo wa ukoo fulani wa samaki kwenda baharini na kurudi kwenye mto fulani, kwa wakati wake, na huo hauagizwi kutoka shamba la samaki. Wamarekani wenyewe wamejaribu. Kwa miongo mingi vituo vya serikali vimekuwa vikitotolesha stilihedi na kuwamwaga mitoni ili wavuvi wapate cha kupeleka nyumbani. Samaki hao hukatwa kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia kabla ya kuachiwa, na hapo ndipo sheria nzima ya uvuvi inaposimama: asiye na kipezi ni wa kituo, mchukue, mwenye kipezi ni wa asili, mwachie. Rasi ya Olympic, pwani ya magharibi mwa jimbo hilo, ndiyo iliyochelewa. Huko mvuvi aliruhusiwa kubeba samaki wa asili mmoja kwa mwaka hadi 2016, ruhusa hiyo ilipofutwa.

Wengi walidhani hapo kazi imekwisha. Samaki hauawi tena, basi kuna hasara gani kumvua?

Hasara ipo. Samaki aliyenaswa hupigana mpaka anaishiwa nguvu. Akiwa amemeza chambo, ndoano humkamata ndani, karibu na matamvua, na damu ikianza kutoka hapo uhai wake uko mashakani. Kisha kuna ile dakika ya picha. Kanuni za Washington zinakataza kumtoa stilihedi wa asili majini moja kwa moja, lakini ofisa mmoja anayesimamia kilomita nyingi za mto hawezi kuona kila kiganja. Katika mipango yake jimbo hukadiria kwamba kati ya samaki 100 walionaswa na kuachiwa, 10 watakufa. Inategemea sana ubaridi wa maji, aina ya chambo na mkono wa aliyemshika, kwa hiyo ichukuliwe kama makubaliano ya kikazi. Ila ni makubaliano yanayotuambia jambo zito: kila kunaswa kuna bei, na samaki mmoja anaweza kulipishwa bei hiyo zaidi ya mara moja. Stilihedi wa majira ya baridi hupanda taratibu, anapumzika kwenye kina hiki wiki hii na kile wiki ijayo. Mto wenye wavuvi wengi humfanya kama daladala inayosimamishwa na trafiki kila kituo: dereva hafungwi, lakini siku yake imekwisha.

Tuangalie mto ambao hesabu hii imefanywa waziwazi. Skagit unatoka milima ya Cascade, unapita kwenye mabwawa matatu ya umeme ya jiji la Seattle, unapokea maji ya mto Sauk, unamwagikia ghuba ya Puget Sound. Kwa vizazi kadhaa wavuvi waliusafiria kutoka mbali kwa ajili ya stilihedi wake wakubwa wa Machi na Aprili, ambao walinaswa na kuachiwa. Mwaka 2007 serikali kuu iliwaingiza stilihedi wa Puget Sound kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Haikuchukua muda msimu huo wa masika ukafungwa. Mwaka 2014, baada ya kesi, jimbo likakubali pia kusimamisha kwa miaka 12 umwagaji wa stilihedi wa kituo wa majira ya baridi katika Skagit. Mto ukabaki wa samaki wa asili, na wavuvi wakabaki ukingoni wakilalamika.

Mwaka 2018 ukafunguliwa tena, na namna ulivyofunguliwa ndiyo inayonivutia. Jimbo na makabila ya wenyeji wa asili wa bonde hilo (Upper Skagit, Sauk-Suiattle na Swinomish) waliandika mpango wa pamoja, serikali kuu ikauidhinisha. Ndani yake kuna ngazi nne. Samaki wakitarajiwa kuwa 4,000 au pungufu, vifo vyote vitokanavyo na uvuvi, wa makabila na wa starehe kwa pamoja, visizidi asilimia 4. Wakiwa zaidi ya 4,000 hadi 6,000, mwisho ni asilimia 10. Hadi 8,000, asilimia 20. Wakizidi hapo, asilimia 25.

Fanya hesabu ya mfano uone nguvu ya ngazi hizo. Tuseme wanatarajiwa samaki 5,000. Vifo vinavyoruhusiwa ni 500. Tuseme pande mbili zinagawana nusu kwa nusu. Wavuvi wa starehe wanapata 250. Kwa kuwa kila kunaswa mara kumi kunahesabiwa kifo kimoja, wavuvi hao wana ruhusa ya kunasa mara 2,500, basi. Zikifika, mto unafungwa, hata kama ni Jumamosi na hoteli zimejaa. Hapa hakuna tena ubishi wa nani anawapenda samaki zaidi. Kuna mfuko wenye kunasa 2,500, na swali la maana sasa ni namna ya kuutumia. Wavuvi wakiruhusiwa zana kali, unakwisha wiki ya pili. Wakijinyima, unaweza kudumu hadi mwisho wa Aprili.

Wanaopinga mpango huo wana hoja nzito, nisiwafichie. Kadirio la samaki watakaorudi hufanywa kabla hawajaonekana, na bahari haina mazoea ya kutii makadirio. Ile asilimia 10 nayo, kama kiwango halisi ni 15, kunasa 2,500 kumeua samaki 375, siyo 250. Lakini tazama: ukikosea katika mfumo huu unajua umekosea wapi, na mwakani unarekebisha namba moja. Mahali pasipo na mfuko, kosa halionekani mpaka wataga, yaani samaki wanaofika kutaga, wamepungua.

Sasa vuka Puget Sound uende magharibi, kwenye Rasi ya Olympic. Huku ndiko kwenye misitu ya mvua ya mto Hoh, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya mita tatu za mvua. Kuna Hoh wenyewe, Queets na Quinault, na kuna Bogachiel, Calawah na Sol Duc ambayo kwa pamoja inaufanya mto Quillayute. Kitovu cha uvuvi ni Forks, mji mdogo wa wakata magogo uliojulikana duniani kwa hadithi za vampaya, lakini ambao majira ya baridi hulishwa kwa sehemu na wavuvi wa stilihedi: vyumba vya kulala, migahawa, na waongozaji wanaowateremsha wageni mtoni kwa mashua. Kila mto una shabaha ya samaki wanaopaswa kufika kutaga. Hoh ni 2,400, Quillayute 5,900. Hoh hasa, kwa miaka mingi umekuwa ukiikosa shabaha hiyo au ukiigusa kwa shida.

Mito ya Puget Sound ilipofungwa, wavuvi wake hawakuacha kuvua. Waliwasha magari wakaja huku. Mambo haya husahaulika sana ofisini: ukifunga mto mmoja bila kuweka kikomo kwenye mto wa jirani, hujapunguza ndoano, umezihamisha. Rasi ya Olympic ilipokea umati wa mito mingine, ikiwa na samaki walewale au pungufu, na bila ngazi za asilimia kama zile za Skagit upande wa wavuvi wa starehe.

Desemba 2020, jimbo likatoa masharti yaliyozua makelele. Marufuku kutumia chambo halisi, kama mayai ya samaki au kamba wa baharini. Ndoano iwe moja, isiyo na kile kijino cha nyuma kinachozuia isichomoke. Trauti wote waachiwe pamoja na stilihedi, jambo la busara kwa sababu, kama nilivyosema, ni samaki mmoja. Dume wa trauti asiyewahi kuona bahari huweza kumtungishia mayai jike wa stilihedi, na mtoto akaenda baharini. Sharti lililowakera wengi kuliko yote lilikuwa la mashua: unaweza kuteremka nayo, lakini usivue ukiwa ndani yake. Fika mahali, shuka, simama ukingoni au ingia majini kwa miguu, ndipo urushe mshipi.

Waongozaji walisema wanauawa kibiashara. Walisema wazee na wenye ulemavu hawawezi kusimama kwenye mawe yanayoteleza katika maji ya baridi kali, na hili ni kweli tupu. Bado naamini sharti la mashua ndilo lililokuwa bora kuliko yote katika orodha ile, na sababu yake haihusiani na ukatili wala huruma. Mashua inafika kila mahali. Inaupitisha mshipi kwenye kila kina na kila kivuli cha mwamba kwa kilomita kumi na tano, na samaki hana pa kujificha. Mtu wa miguu anafika pale ukingo unaporuhusu. Ng'ambo, chini ya matawi, katikati ya mkondo mzito, hapafikii. Kwa sharti moja, sehemu kubwa ya mto inageuka hifadhi bila kuweka bango wala mlinzi. Tena linasimamiwa kwa urahisi: ofisa akisimama darajani anaona aliyeko ndani ya mashua ameshika nini. Linganisha na kanuni ya kutomwinua samaki majini, ambayo ushahidi wake ni mvuvi mwenyewe na dhamiri yake.

Hao wenye ulemavu wangepewa kibali chao, mashua chache zenye namba, na hakuna mvuvi mwenye haki ambaye angenung'unika. Hoja yao ilikuwa ya kweli, lakini ilitumika kutetea mashua zote, zikiwemo zile zilizobeba vijana wenye afya waliokuja na ndege.

Tatizo la masharti ya 2020 ni kwamba yalikuja kama zimamoto. Hapakuwa na kiwango kilichokubaliwa mapema cha kunaswa; palikuwa na wasiwasi na tangazo. Msimu uliofuata, samaki hawakurudi kama ilivyotarajiwa, na Machi 1, 2022, mito ya pwani ile ikafungwa kabla ya muda wake. Watu waliokwisha kulipia vyumba na waongozaji wakaachwa na risiti. Kufunga kulikuwa sawa. Kisichokuwa sawa ni kwamba mwongozaji wa Forks hakuwa na ngazi yoyote ya kuisoma mwezi Novemba ili ajue kwamba mwaka huu huenda Machi haipo. Agosti 2022 mashirika mawili ya uhifadhi yaliiomba serikali kuu iwaingize stilihedi wa rasi hiyo kwenye orodha ya wanaotishiwa, na Februari 2023 serikali ikajibu kwamba ombi lina msingi wa kuchunguzwa. Kwa maneno mengine, njia iliyopitwa na Puget Sound imeanza kuonekana hata huku.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wa uvuvi wa starehe hupenda kulirukia, nalo ni makabila. Mikataba ya miaka ya 1850 iliwahakikishia wenyeji wa asili haki ya kuvua katika maeneo yao ya jadi, na mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Quileute, Hoh na Quinault ni wasimamizi wenza wa mito hii. Si wadau wa kualikwa kwenye semina. Wavuvi wengi wa starehe humaliza mazungumzo kwa kuonyesha kidole kwenye nyavu za makabila: "Sisi tunaachia, wao wanaua." Lakini kabila lenye nyavu ishirini linajua limetoa samaki wangapi, kwa sababu kila mmoja amepimwa na kuandikwa. Upande wa ndoano ndio ambao mauaji yake ni makadirio. Mtu ambaye daftari lake ni la kukisia hana msimamo mzuri wa kumkagua mwenye daftari la kweli. Na kuna tatizo la kisheria pia: upande mmoja ukijinyima peke yake bila kukubaliana na mwenzake, samaki aliyeokolewa juu ya mto hana uhakika wa kuokoka chini yake. Ngazi za Skagit zina nguvu kwa sababu zinafunga pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nirudi kwa wale wanaosema tatizo liko baharini. Ni kweli, kwa kiasi kikubwa. Kwenye Hood Canal, mkono wa Puget Sound, kuna daraja linaloelea juu ya maboya makubwa ya zege. Stilihedi wadogo wanaoshuka kwenda baharini huogelea karibu na uso wa maji. Wakikutana na ukuta ule wanasita, na wanaowasubiri hapo hawakosi chakula. Watafiti waliowafuatilia kwa vifaa vya sauti wameona vifo vingi mahali hapo hasa. Hakuna kanuni ya chambo itakayoondoa daraja. Na ushahidi mkali zaidi uko Kanada, kwenye mito Thompson na Chilcotin, matawi ya Fraser. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu wa Kanada ilifanya tathmini ya dharura kwa sababu wataga waliobaki katika kila mto walikuwa chini ya 200. Uvuvi wa starehe ulikuwa umekwisha kufungwa. Kuufunga hakukuwaokoa, kwa kuwa nyavu za kuvua samoni aina nyingine ziliendelea kuwazoa njiani, na mwaka 2019 serikali ya Kanada ikakataa kuwaingiza kwenye orodha ya kisheria ya viumbe walio hatarini.

Lakini hoja hii, ukiisikiliza vizuri, inamgeukia anayeitoa. Jike wa stilihedi hutaga mayai elfu kadhaa. Kati ya hayo, tumshukuru Mungu likirudi moja au mawili. Samaki anayefika mbele ya ndoano mwezi Februari amekwisha kupita mafuriko, ukame, ndege, sili, daraja, nyavu na miaka miwili ya bahari. Kwa mto, huyo ana thamani kuliko maelfu ya vifaranga. Kadiri bahari inavyowapunguza, ndivyo kila aliyebaki anavyozidi kuwa ghali, na ndivyo mkono wa mwisho kumgusa unavyopaswa kuwa mwepesi. Kusema "bahari imeua elfu, mimi nimeua mmoja tu" ni kusahau kwamba yule mmoja ndiye aliyekuwa amebaki.

Joto ni sura nyingine, na nitaipita haraka kwa kuwa haina ubishi mwingi. Stilihedi wa majira ya kiangazi huingia mtoni miezi mingi kabla ya kutaga. Mto Columbia ukizidi nyuzi 20 za Selsiasi, hujibanza kwenye midomo ya vijito baridi kama Herman Creek, na wavuvi wanajua fika kwamba wamejibanza hapo. Oregon, jimbo la jirani, imefunga baadhi ya midomo hiyo nyakati za joto, na Agosti 2021 iliufunga mto North Umpqua wote kwa sababu samaki walikuwa wachache na maji ya moto. Kumvua samaki aliyekimbilia mahali pekee anapoweza kupumua si mchezo wa ustadi. Hapo sheria iwe namba ya kipimajoto, ijifunge na kujifungua yenyewe, bila kusubiri kikao.

Tarehe nazo zinavua, jambo ambalo watunga kanuni wamechelewa kulikubali. Samaki wa kituo walizalishwa warudi mapema, Desemba na Januari, kwa hiyo uvuvi mzito ukaelekezwa miezi hiyo. Stilihedi wa asili waliokuwa na tabia ya kuwahi walinaswa pamoja nao, mwaka baada ya mwaka, na watafiti wa Rasi ya Olympic wameonyesha kwamba sehemu hiyo ya kuwahi imepungua sana kuliko ilivyokuwa katikati ya karne iliyopita. Leo watu wengi wanaamini stilihedi wa asili kwa asili yake huja Machi. Ni sisi tuliobakiza wa Machi. Mfuko wa kunasa unapaswa kugawanywa kwa miezi pia, vinginevyo tutalinda idadi huku tukipoteza aina za samaki zilizomo ndani ya idadi hiyo.

Yote haya yanarudi kwa mtu mmoja mwenye koti la mvua na daftari. Ndiye anayesimama pale magari yanapoegeshwa, anauliza kila mvuvi: umevua saa ngapi, umenasa wangapi, wenye kipezi au wasio nacho? Bila yeye ngazi za Skagit ni karatasi. Wafanyabiashara wa Kiswahili walikwisha kusema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na huyu mtu ndiye ambaye bajeti humkata kwanza. Tangu 2018 kuna mwaka Skagit umebaki umefungwa kwa sababu samaki hawakutosha, hilo linaeleweka. Kuna mwaka pia umebaki umefungwa kwa kukosa fedha ya kuwalipa wahesabu. Nalikubali bila kusita lile la pili. Mto usiohesabiwa usifunguliwe, hata kama umejaa samaki.

Fedha yenyewe si nyingi kiasi cha kushindikana. Hadi katikati ya 2019, Washington ilikuwa ikiwatoza wavuvi wa samoni na stilihedi wa bonde la Columbia dola 8.75 juu ya leseni, na makusanyo yalikwenda kwenye uhesabuji na usimamizi wa uvuvi huo. Bunge la jimbo likaiacha tozo ife. Kitu cha namna hiyo kinahitajika kwa Skagit na kwa mito ya pwani, tena kiwe kikubwa zaidi kwa mgeni anayekuja na mwongozaji kuliko kwa mkazi wa Forks anayevua nyuma ya nyumba yake. Fedha ziwekwe kwenye akaunti isiyoguswa kwa kazi nyingine, na kila mwaka ifikapo Oktoba jimbo na makabila watangaze vitu vitatu kwa pamoja: samaki wanaotarajiwa kila mto, idadi ya kunaswa inayoruhusiwa, na wahesabu waliokwisha kulipwa. Wavuvi wakiona bei imezidi, wana haki ya kukataa, na mto utakaa umefungwa mwaka huo.